Magongo mawili au chuma cha miguu minne? Mama anarudi Bukavu na nyonga mpya

mtoto_wa_Nguba
Yambo ndugu zangu. Mama yetu amewekewa nyonga mpya huko Kigali na wiki hii wanamtoa hospitali. Pesa iliyobaki inatosha kifaa kimoja tu cha kutembelea. Ninunue magongo mawili ya kwapani, ama kile chuma cha miguu minne ambacho mtu anakishika kwa mikono miwili na kukisogeza mbele yake? Hicho cha pili bei yake iko juu. Halafu kwa simu mama analalamika sana: usiku halali, mguu umevimba mpaka kwenye kifundo, dawa anasema hazimsaidii. Dada yangu anataka tumkande na maji ya moto, mimi ninasema barafu. Waliokwisha uguza mtu wa namna hii mnisaidie, tafadhali.

Mama_Sifa
Pole sana mwanangu, na Mungu amsimamishe mama. Lakini bado hujatuambia kitu. Ana miaka mingapi? Nyumba atakayofikia ina ngazi? Choo ni cha kuketi ama cha kuchutama? Walimpasulia nyuma kwenye tako ama mbele kwenye paja? Katika Bukavu hii mmoja anakaa karibu na ziwa ambako gari inafika mlangoni, mwingine anakaa juu kabisa Kadutu ambako hata pikipiki inakuacha chini. Kifaa kinafuata nyumba.

Papa_Riziki
Chukua magongo, usisumbuke. Kile chuma kilitengenezwa kwa watu wa sakafu laini. Hapa kwetu kuna mlima, matope, ngazi za mawe. Mguu mmoja ukiingia shimoni, mama anaanguka nacho. Mimi nilitumia magongo nilipovunjika mguu na nilipanda nayo mpaka Bagira.

Kine_Ibanda
Papa Riziki, kwa heshima yote, ulikuwa kijana na ulivunjika mfupa wa chini. Mama huyu wiki za kwanza hatapanda mlima wowote. Atatoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kwenda chooni, basi. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo na hawa ninawaona. Mtu mzima aliyepasuliwa nyonga anatetemeka, mikono haina nguvu, usiku akiamka dawa zinamlevya. Chuma cha miguu minne kinamshika vizuri zaidi. Magongo ya kwapani yana hatari yake: mtu akichoka anayalalia, mishipa ya fahamu ya kwapani inabanwa, vidole vinakufa ganzi. Ukitaka magongo, tafuta yale yanayoshikwa kwenye kiwiko.

Chochote utakachonunua, kipime kwanza. Mama asimame wima aachilie mikono: mahali pa kushika pawe sawa na kifundo cha mkono wake. Na uangalie mipira ya chini kama haijalika. Heri Kwetu hapa Bukavu wanashughulika na vifaa vya walemavu tangu zamani, pita ukaulize kabla ya kulipa kwenye duka.

mtoto_wa_Nguba
Aksanti wote. Mama ana miaka 67. Mimi ninakaa Nguba lakini atafikia kwa dada yangu Kadutu, ndiye ana nafasi. Kuna ngazi kama kumi hivi za kushuka kutoka njiani. Choo kiko nje, cha kuchutama. Kidonda kiko nyuma, kwenye tako. Hospitali walimwambia akanyage mguu, na alishaanza kutembea na chuma chao.

Mama_Sifa
Cha kuchutama! Hilo ndilo ungelisema la kwanza. Acha magongo, acha chuma, tatua choo. Mtu aliyepasuliwa nyuma hawezi kuchutama, hata kwa kushikwa na watu wawili.

yaya.Kadutu
Mama Sifa anasema kweli, na ninaomba mnisomee mpaka mwisho, maana jambo hili lilitupata nyumbani.

Baba yetu mkubwa alipasuliwa nyonga katika hospitali moja, sitaitaja. Walimtoa na karatasi ya dawa na tarehe ya kuondoa nyuzi. Namna ya kuketi hakuna aliyetueleza. Tukamleta nyumbani kwa furaha, tukamtandikia vizuri. Siku za kwanza alikuwa anapata nafuu, anatembea chumbani, anakula. Halafu wageni wakaanza, munajua kwetu: watu wa kanisa, watu wa ukoo kutoka Walungu, majirani. Baba mkubwa ni mtu wa heshima, hakutaka kupokea wageni akiwa kitandani. Akaomba wamketishe sebuleni, kwenye kiti cha sofa, kile cha chini ambacho ukiketi magoti yanapita kiuno. Akaketi hapo mchana mzima, anasalimia. Mgeni mmoja alipoaga, yeye akainama mbele ili asimame ampe mkono, akageuka huku mguu umebaki pale pale. Tulisikia kilio ambacho bado kinanijia mpaka leo.

Kichwa cha nyonga kilitoka mahali pake. Mguu ukawa mfupi, vidole vimegeukia ndani. Gari haifiki kwetu. Vijana wa mtaa walimbeba kwenye mlango tuliouvua, wakapanda naye ngazi kwa mvua mpaka barabarani, na kila hatua alikuwa anaita jina la mama yake. Walimlaza kwa dawa ya usingizi wakairudisha nyonga, halafu akafungwa mkanda mkubwa wa kiunoni wiki nyingi. Maumivu ya mara ya pili yalipita ya kwanza, na pesa ya familia iliishia hapo.

Kwa hiyo usiniambie magongo ama chuma. Kwanza kiti kirefu na kigumu chenye mikono. Na mtu wa familia wa kuwaambia wageni: mama amelala, tutawasalimia.

Kine_Ibanda
Pole sana, yaya. Ndiyo maana kwa waliopasuliwa nyuma tunarudia kila siku: goti lisipande juu kuliko nyonga, asipishanishe miguu, asigeuze vidole vya mguu ule kwenda ndani, asiiname kuokota kitu wala kuvaa viatu mwenyewe. Daktari wake ndiye atasema mpaka lini, mara nyingi ni wiki sita ama zaidi. Waliopasuliwa mbele wana masharti tofauti.

Choo kina dawa. Seremala amtengenezee kiti kigumu chenye tundu katikati na mikono pembeni, akitie ndoo chini, kikae chumbani. Urefu wake upimwe kwa mama mwenyewe: akiketi, mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini. Kitanda vile vile. Kama ni cha chini, ongezeni godoro la pili ama vigingi chini ya miguu yake.

Papa_Riziki
Sawa, kwa kiti ninakubali. Lakini hili la kukanda musilidharau. Wazee wetu walikanda mifupa kabla ya hizi hospitali. Kuna mganga wa mifupa ninamjua, mafuta yake na maji ya moto yanaondoa uvimbe kabisa.

Mama_Sifa
Papa Riziki, hapana! Mganga wa mifupa anajua mfupa uliovunjika. Pale kuna chuma na kidonda kibichi. Utakanda nini?

Kine_Ibanda
Na kuna jambo zito zaidi ya kidonda. Baada ya upasuaji huu damu inaweza kuganda ndani ya mishipa ya mguu. Ukikanda pale, donge linaweza kung'oka likaenda mapafuni, na mtu anakufa. Uvimbe wa mguu mzima, na rangi nyeusi ama ya manjano inayoteremka mpaka gotini, ni kawaida wiki nyingi. Ila shavu la mguu, nyuma chini ya goti, likiuma na kuwa la moto, ama mama akashindwa kupumua ghafla, ama kifua kikamchoma, ni hospitali saa hiyo hiyo. Kidonda kikitoa maji ama homa ikipanda, vile vile. Dawa za kuzuia damu kuganda, za sindano ya tumboni ama za vidonge, asiziruke hata siku moja, na asiongezewe ibuprofeni ya dukani bila daktari kujua, maana pamoja zinaweza kumtoa damu.

Barafu ndiyo, dakika 15 mpaka 20, imefungwa kwenye kitambaa, isiguse ngozi. Mguu uinuliwe akiwa amelala.

Essence_kwetu
Barafu mnayoisema itatoka wapi? Kwetu koranti ya SNEL, shirika la umeme, inakuja usiku wa manane na kuondoka alfajiri.

Mama_Sifa
Jirani mwenye frigo ya sola. Ama vitambaa vilivyochovywa maji ya baridi, mnabadilisha bila kulowesha kidonda. Hata hivyo vinatuliza.

muuguzi_wa_zamani
Hakuna aliyejibu habari ya dawa. Mtoto wa Nguba, muulize mama anazimeza namna gani. Wazee wetu wengi wanangoja maumivu yawazidi ndipo wanameza. Parasetamoli imezwe kwa saa yake, kama ilivyoandikwa, hata kama maumivu yametulia. Kwa mtu mzima isipite gramu 4 kwa siku, na mama akiwa mwembamba daktari anaweza kupunguza. Kama amepewa tramadoli, inalevya, inatia kichefuchefu, na inafunga tumbo. Siku nne bila choo, tumbo limejaa, huo usingizi utatoka wapi? Maji mengi, papai, maharagwe, sombe, na mkiona haisaidii muombe dawa ya kulainisha. Dawa ya maumivu aimeze kabla ya mazoezi, kama saa moja hivi, hapo atakubali kunyanyuka.

Usiku alale chali na mto katikati ya miguu. Mto huo usitoke.

mtoto_wa_Nguba
Kweli, anangoja mpaka imzidi, ndivyo alivyo. Pia anasema mguu umekuwa mrefu kuliko mwingine, anaogopa walikosea.

Kine_Ibanda
Wengi wanahisi hivyo mwanzoni, misuli bado haijazoea. Amwambie daktari siku ya kurudi, apimwe.

Essence_kwetu
Na anarudi kwa njia gani? Kigali mpaka Kamembe, upande wa Rwanda jirani na Bukavu, kwa gari ni karibu saa sita, na kona za msitu wa Nyungwe. Afadhali ndege ya Kamembe, halafu avuke mto Ruzizi mpakani.

Papa_Riziki
Ndege ina ngazi, na viti vyake vimebanana. Gari ni bora, anasimama anapotaka.

Essence_kwetu
Ngazi chache na chini ya saa moja hewani, ama saa sita anarushwa na kona? Na mpakani ana miguu ya kusimama kwenye foleni?

Kine_Ibanda
Amuulize daktari kama anaruhusiwa kusafiri mapema hivi. Akija kwa gari: kiti cha mbele kirudishwe nyuma, mito chini ili asiketi chini sana, na kila saa wasimame atembee kidogo. Na hizo ngazi za Kadutu: kupanda, mguu usiopasuliwa unatangulia. Kushuka, chombo kinatangulia pamoja na mguu uliopasuliwa. Chuma cha miguu minne hakifai kwenye ngazi, hapo Papa Riziki ana haki.

Papa_Riziki
Nilisema!

yaya.Kadutu
Basi kwa nini asifikie Nguba kwako, kwa wiki hizo za kwanza tu? Hakuna ngazi kumi. Dada aje alale huko.

mtoto_wa_Nguba
Nyumba yangu ni vyumba viwili na tuna watoto wanne. Tutazungumza na dada leo jioni. Seremala nimeshampigia, ameomba vipimo vya mama. Kwa chuma ama magongo bado sijui, labda niazime kimoja kwanza.

Baraka_Goma
Samahani kuingilia. Shemeji yangu ni SS, yaani ana ugonjwa wa damu wa selimundu, kichwa cha mfupa wa nyonga kimekufa, na daktari anasema abadilishiwe. Ana miaka 29. Hizo nyonga zinadumu miaka mingapi? Na kwetu Goma ni mawe ya volkano kila mahali, magongo yatashika?

muuguzi_wa_zamani
Nyonga hizi zinawekwa tangu miaka ya 1960, na nyingi zinapita miaka 20. Kwa kijana kuna uwezekano wa kurudia siku moja. Kwa SS maandalizi yenyewe ni mengine: damu, maji, oksijeni. Fungua mada yako. Lakini utuambie kwanza: nyonga moja ama zote mbili, na nani anamfuatilia hapo Goma?