Tupeane uzoefu: barua ya wito inapoishia chini ya godoro

Wazazi na walimu wenzangu, naomba nianze na langu. Mwaka jana mwanangu wa darasa la tano, katika shule moja ya msingi hapa Dodoma mjini, alikuwa mtoro kwa wiki tatu nami nisijue, kwa kuwa kila asubuhi aliondoka na sare na jioni akarudi nayo imechafuka kama kawaida. Barua mbili za wito zilikuwa zimeandikwa, ila alipewa yeye mwenyewe azilete, na baadaye nilizikuta chini ya godoro. Mwalimu wa darasa aliamini nimempuuza, mimi nikaamini shule imelala, na tulipokutana tukalaumiana mbele ya mtoto, jambo ninalolijutia hadi leo. Sasa asipoonekana hadi saa tatu napigiwa simu. Ninyi mmefanyaje?

Mwalimu, Bahi: Kwetu utoro hufuata mpunga. Punje zikianza kukomaa, watoto hubaki mashambani kuamia ndege, na mara nyingi aliyewatuma ni mzazi, hivyo kumwadhibu mtoto anaporudi darasani ni kumwonea. Kamati ya shule iliwaita wazazi pamoja na mwenyekiti wa kijiji, tukakubaliana kwamba asubuhi waamie watu wazima na watoto wawapokee baada ya vipindi. Hawakutii wote.

Bibi, Mpwapwa: Mwanangu, usijilaumu sana. Mimi nilikwenda shuleni kwa hasira, kwa sababu mjukuu wangu alikuwa akisinzia darasani na kumjibu mwalimu vibaya, nikasema, "Mchapeni tu, nimewaruhusu." Mwalimu mkuu akanieleza kwa upole kwamba ruhusa yangu haitoshi: kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na yeye au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. (Enzi zetu nani alihesabu?) Kisha akaniuliza mtoto analala saa ngapi. Nilishindwa kujibu. Nilipofuatilia nikagundua kwamba mimi nikishalala yeye hutoka kwenda kwenye kibanda umiza kutazama mpira hadi usiku wa manane. Siku hizi ufunguo wa mlango naulaza chini ya mto wangu, na kila Ijumaa mwalimu wake akipita njia ya kwetu husimama kidogo, tukazungumza mtoto akiwapo.