Hivi magazeti ya udaku ya Uingereza yaliingiaje kwenye simu za watu?

Binti_Kisosora:
Shikamooni wakubwa. Nimebishana na shemeji yangu mpaka chai imepoa. Yeye anadai Prince Harry alitumiwa kirusi kwenye simu. Mimi nakataa, enzi hizo simu zenyewe zilikuwa za vibonye. Waliingiaje? Na mtu anashindaje kesi ya mambo ya miaka 20 nyuma?

Mgosi_wa_London:
Marahaba binti. Mimi nipo London mashariki, 2011 nilikuwa nauza kwenye duka la magazeti na sigara. Kirusi hakikuwepo, shemeji kakosa.

Waliingilia ujumbe wa sauti, ule mtu anaokuachia usipopokea. Uliweza kuusikiliza hata kwa simu nyingine: unapiga namba yako, unaweka namba ya siri. Wengi walikuwa hawajaibadilisha ile ya kuanzia, tarakimu 4 za kitoto. Basi mmoja anapiga kukushikilia laini, wa pili anapiga papo hapo, anaangukia kwenye ujumbe. Anabonyeza namba, anamsikia mama yako akikukumbusha upitie dawa. Anaandika.

Kilichowaumbua ni goti. Novemba 2005 gazeti la udaku la News of the World waliandika kuwa Prince William kaumia goti. Kahabari kadogo, ila waliokajua walikuwa wachache, wakajiuliza kametokea wapi. Mwandishi Clive Goodman na mpelelezi wa kukodiwa, Glenn Mulcaire, wakafungwa Januari 2007. Kwa Mulcaire polisi walibeba karatasi kama 11,000, majina na namba za simu za watu, zikakaa tu. Wenye namba zao wengi hawakuambiwa.

Ndiyo maana kesi zimechelewa. Sheria inakupa miaka 6, ila kama ulifichwa inahesabiwa tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua. Hapo ndipo mawakili wanapochinjana. Harry mwenyewe, kwenye kesi yake dhidi ya wenye gazeti la The Sun, dai la kudukuliwa simu lilitupwa 2023, kachelewa. Likabaki la kutumia wapelelezi kumchunguza kinyume cha sheria.

Kipanga_Bara:
Si ndio hao waliofuta ujumbe wa yule mtoto aliyeuawa, wazazi wakadhani yu hai?

Mgosi_wa_London:
Milly Dowler, miaka 13, mwaka 2002. Kusikiliza walisikiliza. Kufuta, polisi baadaye walisema huenda zilijifuta zenyewe. Lakini habari ilipotoka Julai 2011 hakuna aliyesubiri ufafanuzi. Jumapili ya tarehe 10 likatoka toleo la mwisho la News of the World, gazeti la miaka 168. Saa nne asubuhi nilikuwa sina hata moja. Bibi mmoja, mteja wa maziwa tu, alichukua matatu, eti ya kumbukumbu. Nikampa chenji yake, nikanyamaza.

Binti_Kisosora:
Ahsante mzee wangu. Na fidia wanapata kweli?

Mgosi_wa_London:
Wanapata. Harry aliishinda kampuni ya Mirror Desemba 2023: habari 15 kati ya 33 zilizopimwa, pauni 140,600. Ila wengi hawafiki kwenye hukumu, na hili ndilo linaloniudhi. Gazeti linakuwekea pesa mezani. Ukizikataa, halafu jaji akakupa pungufu ya hapo, gharama za mawakili wa pande zote mbili tangu siku ile zinaweza kukuangukia wewe, na kesi umeshinda! Mwigizaji Hugh Grant alisema 2024 kwamba angeweza kudaiwa karibu pauni milioni 10, akachukua pesa za wenye The Sun. Nilimnunia siku mbili tatu. Kisha nikapiga hesabu, nikaona hata mimi ningechukua.

Harry naye akamalizana nao Januari 2025, kesi ikiwa ndiyo inataka kuanza. Yeye angalau alipata radhi ya maandishi, wakakiri kuwa wapelelezi waliofanyia kazi The Sun walivunja sheria. Udukuzi wa simu The Sun wanaukana mpaka leo, na jaji hakupata nafasi ya kusema lolote.

Binti_Kisosora:
Shemeji kasoma yote. Sasa anasema hata hivyo kirusi kingewezekana. Namwachia.