Figo zimekufa, miaka sita nilikuwa yadi ya betri chakavu. Naanzia wapi?

Kibarua wa Pasua

Habari za jioni wadau, nipo Moshi, umri 41, mke mmoja watoto watatu. Naandika nikiwa nimelala maana leo nimetoka mashine ya kusafisha damu na siku ya mashine huwa sina miguu kabisa.

Nimefanya kazi miaka sita kwenye yadi ya betri chakavu nje kidogo ya mji, jina naliacha. Betri za magari, za sola, za bodaboda zinaletwa na Fuso, sisi tunapasua kwa shoka, maji ya betri tunamwaga kwenye mtaro nyuma ya ukuta, yale mabamba ya ndani yanaingia tanuruni yanatoka madini ya risasi ya kuuza. Mimi kazi yangu hasa ilikuwa kuzoa makapi yanayobaki tanuruni, meusi, mazito kama kokoto zilizoungua, napakia kwenye toroli natupa shimoni, shimo likijaa tunafukia tunachimba lingine. Glavu zililetwa mara moja tu wakati kuna wageni wanakuja. Puani nilikuwa nafunga kipande cha kanga ya wife. Bosi alikuwa anatununulia maziwa nusu lita kila mchana, anasema yanaosha kifua, na asee tulimwona mtu wa watu kweli.

Mwaka wa nne tumbo likaanza. Sio la kuhara, linasokota mpaka unajikunja, choo siku nne hakuna. Zahanati moja wakasema vidonda vya tumbo, nikala dawa za vidonda mpaka muuza duka la dawa akawa rafiki wa familia. Mdomoni ladha kama umenyonya sarafu. Baadae viungo vikaanza kuuma nikawa nakunywa diklofenaki, ile dawa ya maumivu, karibu kila siku ili niweze kuamka, hili nalisema mapema msije mkasema nimeficha. Agosti mwaka jana, miezi saba iliyopita, miguu ikavimba nikaacha kazi, nikapimwa kreatinini, kile kipimo cha figo kwenye damu, daktari akaangalia karatasi akaniuliza umekuja na nani. Hapo nikajua.

Sasa nasafisha damu hospitali ya KCMC mara mbili kwa wiki, natakiwa mara tatu ila kikao kimoja kinameza laki mbili na ushee na bima sina. Ng'ombe wameenda, bro wangu Rombo ameshauza miti ya kihamba. Maji nakunywa kwa kikombe cha chai, navipanga vitatu asubuhi mezani vikiisha vimeisha, na mtoto wa mwisho akishika kimoja nahisi hasira ambayo baadae inaniaibisha. Ndizi nimekatazwa, mtori, machalari, parachichi, vyote. Mchaga hali ndizi, hebu fikirieni.

Bosi nilimpigia akasema mimi nilikuwa kibarua tu, hakuna mkataba, na figo ni ugonjwa wa kila mtu. Yadi yenyewe nasikia wamehama. Nitathibitishaje kwamba ni ile kazi? Au ndio nimwachie Mungu?

Mpita Njia Kiborloni

Pole sana mangi. Ila niseme ukweli hata kama utauma, figo nyingi zinakufa kwa presha na sukari, na wewe mwenyewe umesema diklofenaki kila siku. Hiyo dawa peke yake inaweza kumaliza figo. Mimi ningetulia na matibabu kwanza, hizi kesi za kumsingizia tajiri huwa zinakula hela na mwisho unaambiwa huna ushahidi.

Nesi Mstaafu

Mpita Njia uko sahihi nusu. Diklofenaki inaua figo, hilo hakuna ubishi, na mdogo wangu amefanya vizuri kusema. Lakini hiyo presha unayoisema, risasi nayo inaipandisha, kwa hiyo ukikuta mtu ana presha na figo mbovu na amekaa na risasi miaka sita huwezi kuishia kwenye presha. Na huyu hakuanza na diklofenaki, alianza na tumbo la kusokota na kufunga choo na ladha ya chuma mdomoni, hiyo ni picha ya risasi kabla hata hujapima chochote.

Mdogo wangu nikuulize mambo. Umewahi kupimwa risasi yenyewe kwenye damu? Sio full blood picture, kile kipimo cha kawaida cha damu, ile haionyeshi, ni kipimo chake peke yake na daktari asipoandika hakipimwi. Kiganja kinanyanyuka vizuri kwenye kifundo cha mkono au kinaning'inia? Na chukua kioo uangalie ufizi, pale unapokutana na meno, kama kuna mstari wa bluu iliyokoza.

Kipimo usikichelewesheee. Risasi kwenye damu inapungua nusu kwa kama mwezi hivi ukishaachana nayo, nyingine inahamia kwenye mifupa na huko inakaa miaka na miaka inarudi damuni kidogo kidogo. Wewe umeacha miezi saba. Kwa hiyo ikija namba ndogo mtu asikwambie basi hukuwahi kuwa nayo, mwambie umeacha lini. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe. Muulize daktari wako wa figo sampuli inapelekwa wapi, Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapo Arusha, anzieni kuulizia huko.

Yale maziwa hayakuwa dawa, lakini najua alivyokuwa anawapa mlishukuru. Viwanda vingi vinafanya hivyo hivyo, maziwa ni bei rahisi kuliko barakoa.

Halafu watoto. Nguo za kazi zilifuliwa wapi?

Kibarua wa Pasua

Sista nguo zilifuliwa nyumbani, beseni moja na za watoto, wife alikuwa anazikung'uta kwanza mlangoni maana vumbi lilikuwa linachafua maji. Sijawahi kuwaza hilo mpaka sasa hivi.

Ufizi nimeangalia na tochi ya simu, meno ya chini kuna kimstari cheusi-bluu, nilidhani ni uchafu, nimepiga mswaki hautoki. Mkono wa kulia umelegea kidogo, kikombe nashika kwa mikono miwili. Mtoto wa mwisho ana miaka minne na maneno bado yanamsumbua, tulikuwa tunasema amerithi kwa babu yake alichelewa kuongea.

Nesi Mstaafu

Inawezekana ni babu kweli. Lakini wapimwe wote watatu, na mama yao, na kama ana mimba aseme mapema kwa sababu risasi inavuka kwenda kwa mtoto tumboni. Mtoto anameza vumbi kwa mikono na risasi inamwingia kirahisi kuliko mtu mzima. Wakati mnasubiri, sakafu msifagie kavu, futeni na kitambaa cha maji, mikono ioshwe kabla ya kula.

Na mtu asikuuzie unga wa kuondoa sumu mwilini. Hao watakuja inbox, nawajua. Figo zako hazina nafasi ya kujaribiwa, dawa za kutoa risasi zipo ila ni za daktari kuamua, tena kwa mtu mwenye figo zako ni uamuzi mgumu.

Tuliachishwa Arusha

Kaka mimi sio daktari, nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kiwanda kimoja hapa Arusha mpaka nilipoachishwa, kwa hiyo nitaongea ninachokijua.

Kwanza ondoa kichwani neno "kibarua tu". Nenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa sheria ya 2008. Mwajiri ndio anachangia, mfanyakazi hakatwi hata senti, na kama bosi wako hakujisajili hilo ni kosa lake sio lako. Wewe peleka taarifa wakukatae wao, usijikatae mwenyewe. Muda ni miezi 12 na kwa ugonjwa wewe anza kuhesabu siku uliyoambiwa, Agosti mpaka leo saba zimeenda, unaona zilizobaki. Ukisubiri bosi apokee simu zitaisha. Wakikubali kuna matibabu, na ulemavu wa kudumu ukipimwa ukazidi asilimia 30 unalipwa kila mwezi, kuanzia 30 kushuka unapewa kwa mkupuo. Ugonjwa wa risasi sio kitu cha kubuni, uko mpaka kwenye orodha ya ILO, Shirika la Kazi Duniani, ya magonjwa ya kazi.

Pili OSHA, wale wa usalama na afya kazini, kanda ya kaskazini wapo Arusha, sheria yao ya 2003 inataka wafanyakazi wa kazi kama hizo wapimwe afya. Waulize kama yadi hiyo iliwahi kupimisha watu. Kama hakuna rekodi, hilo lenyewe ni jibu. Na lile shimo la makapi waambie NEMC, wale wa mazingira, hata kama yadi imehama, shimo halikuhama.

Sasa ushahidi, hapa ndio watu wanaanguka. Mlikuwa mnalipwaje?

Kibarua wa Pasua

Miaka miwili ya kwanza mkononi na kusaini daftari, daftari analo yeye. Baadae kwa simu, kila Jumamosi.

Tuliachishwa Arusha

Umepata! Nenda duka la mtandao wako na kitambulisho uombe taarifa ya miamala ya miaka yote wanayoweza kukutolea. Namba ya bosi kila Jumamosi, miaka minne, aje aseme hakujui. Halafu tafuta wenzako wawili watatu wa tanuru, na uandike leo leo, kwa mkono, ulianza mwezi gani, ulikuwa unashika nini, saa ngapi, nani alikuwa pembeni yako. Kila ukienda kliniki mwombe daktari aandike kazi yako kwenye faili, "alifanya kazi ya kuyeyusha betri miaka sita". Daktari asiyejua kazi yako ataandika presha na atakuwa hajakosea. Sisi kiwandani kwetu jamaa mmoja faili lake lote lilikuwa limeandikwa "mkulima" kwa sababu mapokezi ndio walimwandika hivyo, na mpaka kulibadilisha alikuwa ameshachoka kugombana.

Mpita Njia Kiborloni

Narudisha maneno yangu mangi, hilo la ufizi sikulijua. Nina Noah inashuka mjini kila asubuhi, siku za mashine niambie nikupitie, mafuta usiwaze.

Mama Wawili Himo

Pole baba. Mume wangu alisafisha damu mwaka mzima kabla hajatangulia. Ndizi mwambie mama azimenye azikate vipande vidogo, aloweke, achemshe amwage maji, achemshe tena na maji mengine, ule kidogo sana, lakini muulize kwanza mtu wa lishe pale pale kliniki. Haitakuwa mtori wa nyumbani, ila mdomo utakumbuka. Vikombe vyako uvigandishe kimoja kiwe barafu, unamumunya taratibu kinakaa muda mrefu kuliko maji.

Kibarua wa Pasua

Asanteni, nimesoma yote kwa sauti wife akasikia. Wenzangu wa tanuru tulikuwa watano, nimepiga simu leo, mmoja amepatikana Boma Ng'ombe na yeye anaumwa tumbo hilo hilo anatibiwa vidonda. Mmoja simu ilipokelewa na mjane wake.

Kimoja sijui nifanye nini, wife ameingia stoo ametoka na ovaroli langu la mwisho, halijafuliwa tangu Agosti, lina makapi mpaka mfukoni. Alitaka kulichoma moto.

Nesi Mstaafu

ASICHOME, na asilikung'ute. Anyunyize maji kidogo, aliingize kwenye ndoo yenye mfuniko na kitambaa alichoshikia, afunge, watoto wasifike hapo. Kisha aoge na abadili nguo. Ndoo hiyo utaenda nayo kwenye kuulizia vipimo.

Tuliachishwa Arusha

Na apige picha kabla ya kufunga mfuniko.