Rafiki akiweka picha mbovu, unamwambia au unabonyeza moyo unapita?

Kivuli Kirefu: Wadau, nina jambo linanikera. Juzi mwenzetu kaweka picha ya mtoto anaruka dimbwi. Picha imelalia kushoto, nguzo inamtoka mtoto utosini, fokasi imeshika ukuta wa nyuma. Maoni sasa: "moto!", "unatisha mkuu!", mioyo kibao. Tunasifiana kwa zamu tu, leo mimi kesho wewe. Urafiki wa hivi unamsaidia nani?

Shata Nzito: Unamsaidia mwenye picha, karudi nyumbani na furaha yake. Sisi ni watu wa ridhaa, mkuu. Nikitaka kugombezwa, bosi ninaye.

Mama Lenzi: Kukosoa kuna adabu yake. Mfuate pembeni, mwambie wawili tu. Kumwanika mtu mbele za watu si ualimu.

Mwanga wa Jioni: Mama, wenzetu walikuwa wanaambiana mbele ya wote. New York kulikuwa na klabu ya wapiga picha wa ridhaa wanaotumiana picha kwa posta, 1861 kama sikosei. Halafu wapiga picha wa Marekani kina Ansel Adams na Edward Weston na kundi lao lililoitwa f/64, 1932. Unadhani walikuwa wanarushiana mioyo? Na Vivian Maier je? Yaya wa Chicago, picha zaidi ya laki moja, hakusifiwa na mtu. Nyie mnapiga kwa simu, kila dakika mnachungulia mioyo imefika mingapi.

Simu Tu: "Mnapiga kwa simu." Simu imekukosea nini? Aliyekuuzia hilo likamera alikuuzia na macho?

Mwanga wa Jioni: Povu la nini? Simu nimeigusa kwa kupita tu.

Simu Tu: Umeigusa pabaya. Nguzo kichwani mwa mtoto inategemea umesimama wapi, haijali umeshika nini.

Negativu: Waacheni na simu yao. Mimi nauliza habari ya Maier, maana mfano umeuchukua nusu. Yule mama hakutoa picha zake mwenyewe. Ada ya stoo ilimshinda, vitu vikapigwa mnada 2007, mtu mmoja, John Maloof, akanunua sanduku la negativu, yaani filamu za picha zake. Mwenyewe akafariki 2009, dunia haijamjua. Mikanda mingine ilikuwa haijasafishwa hata. Sasa nani alimuuliza kama anataka tumwone?

Shata Nzito: Asingetaka angechoma.

Negativu: Hayo ndiyo maneno ya mtu anayepekua simu ya mkewe! Kutochoma ndiyo ruhusa?

Shata Nzito: Mke wangu kaingiaje hapa, ndugu yangu?

Kivuli Kirefu: Jamani, mada. Nimeuliza kuhusu kukosoana.

Mama Lenzi: Tunakosoana, hujaona? Tena huyu Mwanga anayehubiri ukweli, nilipomwambia anga lake limeungua, jeupe pee, halina hata wingu la kuokoa, alinuna mwezi mzima.

Mwanga wa Jioni: Sikununa. Nilikuwa safarini.

Simu Tu: Safari bila simu, bila shaka.

Dimbwi: Habari za humu. Hiyo picha ni yangu. Nguzo niliiona. Mtoto alikuwa anacheka vile mara moja tu, nikabonyeza. Mnaotaka mtoto bila nguzo, njooni muing'oe.

Kivuli Kirefu: Mkuu, sikukutaja jina.

Dimbwi: Umetaja mtoto, dimbwi na nguzo. Ulibakiza namba ya kiatu.

Mama Lenzi: Pole, mwanangu. Ila nguzo haing'olewi, ungesogea hatua moja kulia ingejificha nyuma yake au itoke pembeni kabisa. Kasi ya shata uliweka ngapi?

Dimbwi: 1/60 ya sekunde.

Mama Lenzi: Kwa mtoto aliye hewani? Anzia 1/500, ISO, ule wepesi wa kamera kuona mwanga, ipandishe, chenga kidogo hazimuui mtu. Na fokasi iweke mapema pale atakapotua, usiiachie kamera ichague, itakwenda ukutani tena.

Dimbwi: Sasa haya kwa nini hukuyaandika chini ya picha, badala ya ule moyo?

Mama Lenzi: Nilishaona wanaoambiwa wanavyonuna.

Mwanga wa Jioni: Narudia, nilikuwa safarini. Na anga lile niliunguza kwa makusudi.