Tupeane uzoefu: port (mvinyo mtamu na mkali wa Ureno) baada ya chakula, usiku wa baridi

Wakuu, Juni na Julai baridi ya Kabale, Uganda, haina adabu. Jua likizama upande wa ziwa Bunyonyi, kila mtu anagombania sigiri. Mwaka jana shemeji alirudi toka Ureno na chupa ya port. Nikajaza bilauri ya maji kama najimiminia juisi, tamu kweli! Ya pili sikuimaliza. Asubuhi mke wangu akanionyesha viatu vyangu, viko ndani ya friji. Nyie wenzangu mnainywaje?

Mama Kisoro: Pole ssebo (bwana) 😂 Utamu ndio uliokuponza. Zabibu zikiwa bado zinachachuka, hutiwa pombe kali ya zabibu. Chachu inakufa, sukari inabaki. Ndiyo maana inafika asilimia 19 hadi 22. Kwangu ni vikombe vya kahawa, kimoja kwa mtu, watoto wakishalala.

Mzee wa Mbarara: Mimi kilichonivuta ni miguu. Huko Ureno, bonde la Douro inakotoka port, wapo ambao hadi leo hukanyaga zabibu kwa miguu, ndani ya mabirika ya mawe, wamejipanga bega kwa bega. Nilipoona picha nilimkumbuka marehemu babu akikanyaga ndizi mbivu na nyasi kutengeneza tonto, pombe yetu ya ndizi, sisi wajukuu tukisubiri ile juisi kabla haijatiwa mtama. Tofauti ni subira: tonto ya babu ilikuwa tayari kesho yake, na keshokutwa imeshachacha. Tawny, aina ya port ya kahawia, hukaa kwenye mapipa ya mbao miaka 10, 20, hata 40, mpaka wekundu ugeuke kahawia. Babu angesema hao watu hawana kiu.

Kijana wa Arua: Huku kwetu joto, sina kisingizio cha baridi. Tawny naipoza kidogo, na karanga za kukaanga pembeni. Basi.

Weita Mstaafu: Mgeni aliagiza vintage, ile port ya mavuno ya mwaka mmoja inayozeekea ndani ya chupa, nami nikaitikisa chupa kama soda ya matunda. Glasi ikajaa mashapo! Ile husimamishwa kutwa nzima, kisha unaimimina polepole kwenye jagi. Bosi alinikata mshahara.

Mwenye mada: Asanteni. Yangu ni ruby, ile port nyekundu changa, imebaki theluthi tangu mwaka jana, iko kabatini. Bado inanyweka?

Mama Kisoro: Ruby ikifunguliwa ni wiki chache tu, ssebo. Hiyo pikia nyama.