Tupeane uzoefu: ulitibiwa upande gani wa mpaka, na nani alilipa?

Mwanabusia: Jana nimempeleka shemeji hospitali ya upande wa Kenya. Karani akitaka kujua kama ana bima ya afya ya Kenya, akamuuliza, "Uko SHA?" Shemeji akadhani anaulizwa kijiji chake, akajibu, "Hapana, niko Dabani." Nimecheka mpaka machozi, halafu mengi yakanirudia. Sisi wa mpaka wa Uganda na Kenya tumeonja kila mfumo. Haya, mwageni.

Dereva wa Trela: Mimi malaria ilinilaza Kigali. Kwenye foleni kila mtu ana mituweli yake, bima ya afya ya Rwanda. Wakati huo wengi walikuwa wanalipa faranga 3,000 kwa kichwa kwa mwaka, wakifika kituoni wanaongeza 200. Mimi mgeni nilitozwa bei kamili, ila nilipewa risiti, na dawa zote dirisha moja. Risiti!

Kijana wa Malaba: Kwetu Uganda hospitali za serikali ni bure tangu 2001, toa wodi za kulipia. Mnalia nini?

Mama Shamim: Bure? Kaa chini. Uchungu ulinishika usiku, mume akanipakia kwenye boda yake mpaka kituo cha afya cha daraja la III. Nesi alikuwa peke yake, simu ameing'ata mdomoni ndiyo tochi. Hakunidai hata shilingi, nisimsingizie. Lakini vifaa vya uzazi vya serikali vilikuwa vimeisha, akamwandikia mume karatasi: glovu, pamba, wembe, uzi, kavera (plastiki) la kulalia. Mume akaenda kugonga duka la dawa. Alfajiri nesi akasema mtoto amekaa vibaya, niende kituo cha IV wanakopasua. Ambulansi ipo, chini ya mwembe, petroli haina. Dereva anataka laki moja, na hela zote zimeishia dukani. Mume akarudi kwa yule yule muuza dawa, akamwachia kadi ya umiliki wa boda, akapewa laki mbili. Kufika kule, mtu wa dawa ya usingizi yuko semina. Nililala ubavu nang'ata leso, namsikia mume nje anampigia simu kila aliyewahi kupanda boda yake.

Mnubi wa Bombo: Wewe mama, usituache hapo! Mtoto?

Mama Shamim: Yuko P2, darasa la pili. Sasa hivi anamwaga unga wangu.

Mnubi wa Bombo: Alhamdulillah.

Kijana wa Malaba: Pole, lakini yule dereva wa ambulansi mngemshtaki. Ninyi ndio mnaowazoesha.

Dereva wa Trela: Mtu ana uchungu, wewe unataka aandike barua kwa DHO, mganga mkuu wa wilaya? Umeoa wewe?

Kijana wa Malaba: Hayo ya kuoa yametoka wapi?

Mwanabusia: Turudi kwenye mada, tafadhali.

Fundi wa Ng'ambo: Wa Kenya hapa. Tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara anakatwa 2.75% ya SHA, hana la kusema. Sisi wa jua kali tunapimiwa mapato, kisha tunatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nani ana ya mwaka mzima?

Mwanabusia: Afadhali ninyi mna cha kulalamikia. Wetu wa Uganda, muswada wa bima ya afya ulipita bungeni 2021, kadi yenyewe hata rangi hatuijui.

Dada wa Jinja: Kaka yangu anasoma Uingereza. Huko kodi ndiyo inaendesha NHS, huduma yao ya afya ya umma, tangu 1948, ila mwanafunzi wa kigeni anatoa pauni 776 kwa mwaka wakati wa kuomba viza. Alipasuliwa kidole tumbo, akaruhusiwa, akazunguka jengo zima akitafuta dirisha la kulipia. Mlinzi akamwonyesha mlango.

Mnubi wa Bombo: Ushauri wangu: mimba ikifika miezi saba, glovu na kavera viwe tayari kwenye begi. Na mjiunge na vikundi vya akiba.

Fundi wa Ng'ambo: Vikundi? Mweka hazina wetu alihama na sanduku.

Dereva wa Trela: Oeni manesi.

Boda Mwenzake: Jamani, mimi nauliza moja tu. Ile kadi ya boda ilirudi?

Mama Shamim: Ilirudi, na riba juu.

Boda Mwenzake: Tutajie hilo duka tulikwepe.

Mama Shamim: Siwezi. Bado ananikopesha.