DAT inapima meno au inapima mfuko? Nimechoka, acheni leo nitoe povu

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na zile za viza na kubeba boksi, una mambo yake.

Niko Houston. Digrii ya biolojia nimemalizia hapa hapa, usiku nafanya kazi nyumba ya wazee, mchana napiga msuli wa DAT. Kwa wasioijua, huo ndio mtihani vyuo vya udaktari wa meno Marekani vinautaka kabla ya kukusikiliza, na mwenyewe ni chama cha madaktari wa meno cha huku, ADA. Uwe na GPA ya kutisha, kama alama ya DAT haipo, fomu yako inakaa tu.

Sina shida na mtihani kuwa mgumu. Nimesoma PCB, nimekesha na mshumaa, najua pepa ngumu inafananaje. Kinachoniudhi ni kwamba kila kona ya hii safari kuna mtu amekaa na kibakuli anadai dola, na ukikosa unaambiwa hukujiandaa.

Kujisajili tu ni zaidi ya dola 500. Ipigie hesabu ya shilingi, unavuka milioni. Alama zikikataa unangoja siku 60, halafu unalipa ada nzima upya kana kwamba hamjawahi kuonana. Ukifika mara tatu huendi tena hivi hivi, unaanza kuomba kibali. Msamaha wa ada upo, wasije watu wakasema nimeuficha: ni wa nusu tu, unatolewa kwa wachache kila mwaka, na anayewahi ndiye anayepata. Mwaka unapoanza watu wanaugombania, na sisi wa shifti ya usiku tunaamka tunakuta umeisha.

Sasa njooni kwenye maandalizi, hapa ndipo damu inanichemka. Kwetu mtoto wa kidato cha nne anapita kwa muuza vitabu wa barabarani anatoka na mitihani ya NECTA ya miaka kibao, majibu ndani, kwa hela ya chipsi. DAT hakuna hiyo kitu. Maswali ni siri, unakubali kabisa kwa maandishi kwamba hutamwambia mtu ulichokiona. Mwenye mtihani anauza mitihani michache ya mazoezi, basi. Pengo linalobaki limejazwa na makampuni ya mtandaoni yanayouza maswali ya kubuni "yanayokaribiana na yenyewe". Kifurushi cha miezi mitatu kinakaribia bei ya mtihani wenyewe.

Nikajibana, nikalipia. Nikapanga tarehe ya pepa iangukie wiki ya mwisho ya kifurushi. Siku yenyewe nafika kituoni nimeomba ruhusa kazini, naambiwa mfumo umelala, rudi nyumbani utapangiwa siku nyingine. Nafasi iliyopatikana ni wiki kadhaa mbele, mji mwingine. Huku nyuma kifurushi kikakata kama bando la usiku kikiwa kimeniacha katikati ya kemia ogania. Nawaandikia wale jamaa wa kifurushi, nawaambatanishia barua pepe ya kituo inayosema kosa ni la kituo chenyewe. Jibu: tunasikitika, sera yetu hairuhusu kuongeza siku, ila kuna ofa ya mwezi mmoja. Ofa! Mtu kakwama wewe unamletea ofa!

Halafu kuna hili la alama. Miaka yote DAT ilikuwa inahesabiwa 1 hadi 30. Machi 2025 wakabadilisha, sasa ni 200 hadi 600. Sawa, mtihani ni wao. Lakini mnajua maana yake kwa mtu asiye na hela? Vitabu vya mitumba, madesa tuliyorithishana na waliotangulia, ushauri wote wa bure uliozagaa mitandaoni, vyote vinaongea lugha ya 18, 20, 22. Kaka aliyeingia chuo miaka ya nyuma anakwambia "pata ishirini tu, umepita". Ishirini ipi? Majedwali ya kubadilishia yapo, nimeyaona, lakini ukiwa na kitabu cha mazoezi cha zamani kila jioni unakaa unatafsiri alama badala ya kusoma. Mwenye hela ananunua kipya, kwake yameisha.

Na yaliyomo sasa. Maswali 280. Sayansi 100 kwa dakika 90: biolojia 40, kemia ya kawaida 30, ogania 30, bila kikokotoo. Biolojia yenyewe inaanzia kwenye seli inaishia kwenye ikolojia, huko katikati umepita kuvu, mimea, viinitete na jenetiki. Maswali 40 tu! Unasoma dunia nzima ili uulizwe mtaa mmoja, na mtaa wenyewe huambiwi. (Fizikia tuliyoteswa nayo kidato cha sita haimo kabisa. Nilicheka peke yangu nilipoona.)

Kisha kile kipande cha maumbo, wanakiita PAT. Maswali 90, dakika 60, yaani sekunde 40 kwa kila swali. Unaonyeshwa pembe nne, uzipange kuanzia ndogo hadi kubwa, na zimekaribiana mpaka unaanza kuitilia shaka skrini. Unaonyeshwa karatasi imekunjwa, ikatobolewa, useme matundu yatakaa wapi ikikunjuliwa. Rundo la michemraba limepakwa rangi kila mahali isipokuwa chini, useme mingapi imepata rangi pande mbili. Vituo vinakupa kibao cha plastiki na kalamu ya wino, karatasi yako mwenyewe marufuku. Sibishi kwamba daktari wa meno anahitaji jicho na mkono. Zamani waombaji walikuwa wanachongeshwa chaki, PAT ikaja kuchukua nafasi hiyo mwaka 1972. Angalau kwenye chaki mtu alishika kisu! Leo mkono haupimwi popote, inapimwa kasi ya kubofya, na kasi hiyo inakuja kwa kurudia maelfu ya maswali ambayo, nadhani mmeshajua, yako kwenye kifurushi.

Lingine linatuhusu sisi wa majina matatu. Ukienda kituoni unatakiwa vitambulisho viwili, na jina lifanane na ulilojisajilia. Dada mmoja Mtanzania wa hapa hapa, leseni ina jina lake, la baba na la babu, usajili ukawa na mawili. Mezani wakamgeuza. Ada imekwenda. Alipiga simu wiki nzima akaambiwa kanuni ziliandikwa kwenye mwongozo. Ni kweli ziliandikwa. Lakini mtu umemuona, picha ni yake, sahihi ni yake, unamrudisha kwa sababu ya babu yake?

Najua wanakuja wale wa "si urudi usome Muhimbili". Muhimbili hawana DAT, wanaangalia matokeo yako ya kidato cha sita, unasoma miaka mitano. Safi sana, nawaheshimu. Ila familia yangu yote iko huku, na daktari wa meno aliyesomea Tanzania akitua Marekani haruhusiwi kufungua mdomo wa mtu kwa cheti kile. Majimbo mengi yanamrudisha darasani miaka miwili au mitatu, ada yake ukiitaja watu wanakaa chini. Kwa hiyo hiyo njia ya mkato mnayonipa ni ndefu zaidi.

Na wa "utakuja kulipwa vizuri, vumilia", nao wajue wahitimu wa meno huku wanatoka na deni la wastani unaokaribia dola 300,000. Sijaingia hata getini, nimeshaanza kukopa.

Sasa naomba vitu viwili, matusi yaje baadaye. Kama kuna mdau kapiga pepa baada ya Machi 2025, aseme alitumia nini cha bure kwenye PAT kikamsaidia, hasa hizo pembe. Na kwa walioko Texas: tukipatikana wanne watano, tukutane Jumapili maktaba yoyote ya umma upande wa kusini-magharibi, kila mtu aje na madesa aliyonayo, hata yale ya alama za zamani. Shifti yangu inaisha saa moja asubuhi, kuanzia saa tano niko macho. Njooni inbox.